"Modified starch" kwa yogati ya Magokoro: ni sumu ama ugali ndio noma?

Wacha tuseme umefunga kazi Nairobi, umekata tiketi, umepita Narok, Bomet na Sotik, ukashuka Chebilat na kuingia Probox ya Ikonge mkiwa wanane, mmoja kwa buti. Mguuni uko na mfuko wa supa: yogati ya stroberi, supu ya pakiti, tomato sosi na kilo moja ya uji wa papo hapo, ule wa kukoroga na maji moto tu. Ni vitu za Magokoro. Mwaka huu kliniki ilimwambia ako na sukari, na hutaki kufika kwa nyanya yako mikono mitupu.

Unafika, salamu zinaisha, chai inakuja. Halafu binamu yako, yule wa kusoma kila kitu, anageuza kikopo cha yogati na kusoma kwa sauti: "modified starch". Kimya. "Yaani umemletea kemikali? Na vile ako na sukari?" Shangazi anashika kichwa. Yogati inafichwa juu ya kabati. Dakika kumi baadaye Magokoro anawekewa sahani ya ugali mweupe, moto, umekaa mlima kabisa, na chinsaga kando. Hakuna mtu anauliza swali moja kuhusu huo mlima.

Hapo ndio stori yetu inaanzia. Juu ukijua vile chembe ya wanga inafunguka na vile inafungwa, utaona familia nzima iliogopa kitu kidogo ikapitisha kikubwa.

Rudi kidogo form two

Wanga, ile tuliita stachi kwa lab, ni glukosi nyingi sana zimeshikana mikono kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Unakumbuka mwalimu akiweka aiodini kwa kipande cha kiazi, kinageuka bluu nyeusi? Ndio hiyo. Ndani yake kuna aina mbili za nyuzi. Amilosi ni uzi mrefu usio na matawi mengi. Amilopektini ina matawi kama mparachichi. Kwa mahindi ya kawaida, amilosi ni kama robo na amilopektini ni robo tatu.

Mmea hautupi nyuzi hizi ovyo. Unazipanga safu juu ya safu, zikabanana, ndani ya chembe ndogo ambayo huwezi iona bila maikroskopu. Chembe ya mahindi ina upana wa maikromita 5 hadi 20 hivi. Panga zile kubwa kwa laini moja, kwa milimita moja zinaingia hamsini. Kila punje ya mahindi imejaa hizi kitu kama gunia.

Mwilini, kazi ya kuzikata inafanywa na enzaimu inaitwa amilesi. Iko kwa mate, na nyingine nyingi zaidi inatoka kwa kongosho na kumwagwa kwa utumbo mdogo. Usiniamini, jaribu leo: tafuna tonge la ugali dakika mbili bila kumeza. Litaanza kuwa tamu kidogo. Hakuna mtu ameweka sukari. Ni mate yako yanakata uzi vipande vipande, na kile kitu unaonja ni sukari zilizotoka kwa wanga.

Lakini amilesi ina shida moja. Ni kubwa, na inataka kushika uzi vizuri ndio ikate. Uzi ukiwa umebanwa ndani ya chembe mbichi, inakwaruza nje tu. Ndio maana hakuna mtu anakula unga mbichi akitegemea kushiba. Moto ndio unafungua mlango. Wanga wa mahindi ukiwa na maji na upate joto la kati ya digrii 62 na 72, maji yanaingia ndani, chembe zinavimba, ule mpangilio unavunjika, na nyuzi zinamwagika. Kile unaona sufuriani ni uji kuwa mzito. Ikonge iko juu kwa milima, maji huchemka chini kidogo ya digrii 100, lakini bado hiyo ni joto ya kutosha na ya kubaki. Ukisonga ugali, umefungua karibu kila mlango.

Sasa sikiza hii, ni ya maana. Wanga ukipoa, mlango unaanza kujifunga tena. Nyuzi za amilosi zinatafutana, zinalala pamoja na kukaza. Ndio maana ugali wa jana ni mgumu na unakatika kama keki. Sehemu ya huo wanga uliokaza amilesi haiwezi tena. Inapita utumbo mdogo mzima na kufika utumbo mpana bila kuwa glukosi. Huko bakteria wanaishangilia.

Mwaka 1992 mtafiti Hans Englyst na wenzake Cambridge, Uingereza, waliweka hizi mambo kwa mafungu matatu. Walichukua vyakula, wakaviweka na enzaimu kwa chupa, wakashika saa. Wanga unaogeuka glukosi ndani ya dakika 20 ni wa haraka. Unaochukua kati ya dakika 20 na 120 ni wa polepole. Ule ambao bado umekataa baada ya dakika 120 wakauita wanga sugu. Kwa mtu wa sukari hiyo tofauti si ya vitabu. Glukosi ile ile ikiingia kwa damu pole pole, mwili unaweza kuisukuma. Ikiingia yote kwa mkupuo, ndio kiu, ndio kuamka usiku mara nne kwenda choo.

Na kiwandani wanafanya nini?

Wanga wa kiwanda si kitu kigeni Kenya. Kule Eldoret kulikuwa na kiwanda cha Corn Products ambacho kwa miaka mingi kilichukua mahindi na kuyageuza wanga na sharubati ya glukosi ya peremende na biskuti. Wanga mtupu hivyo una madharau yake lakini. Ukiupika kwa sosi unakuwa mzito poa, halafu ukikoroga sana ama ukiweka limau unalegea. Ukiweka kwa friji, kesho unatoa maji juu. Hakuna mtu atanunua yogati yenye dimbwi.

Kwa hivyo wanaurekebisha. Wanachukua wanga mbichi, wanachanganya na maji kama chokaa, wanaweka alkali na kiasi kidogo cha kemikali fulani, wanakoroga masaa kadhaa kwa joto la chini ili chembe zisivimbe. Halafu wanaosha na kukausha. Chembe inatoka ikiwa nzima. Kwa macho ni unga ule ule mweupe. Kimebadilika ni kile kimeshikana na nyuzi ndani.

Kuna njia kama nne, na kila moja inafanyia tumbo lako kitu tofauti. Hapa ndio binamu alipotea, juu yeye alidhani neno ni moja na kitu ni kimoja.

Ya kwanza ni madaraja. Unatumia chumvi za fosifeti, na fosifeti moja inashika uzi huu kwa mkono mmoja na ule mwingine kwa mkono wa pili. Nyuzi zimefungwa pamoja kama waya za seng'enge. Kwa lebo utaiona kama E1412. Ukitumia asidi ya adipiki na kuongeza vikundi vya asetili unapata E1422, ambayo iko kwa yogati na sosi nyingi sana. Lakini daraja zenyewe ni chache, moja kwa kila mamia ama maelfu ya glukosi. Zinatosha kuzuia chembe isipasuke kwa sufuria ya kiwanda. Kuzuia amilesi? Hapana. Amilesi inapata nafasi kubwa kati ya daraja na daraja, inakula kama kawaida. Wanga huu unaisha mwilini karibu sawa na wanga wa kawaida.

Ya pili ni mikia. Badala ya kuunganisha nyuzi mbili, unabandika kitu kidogo kando ya uzi mmoja: asetili kwa E1420, haidroksipropili kwa E1440. Mikia inazuia nyuzi zisilale pamoja zikipoa, ndio maana yogati haitoi maji. Kwa amilesi, kila mkia ni kama jiwe barabarani. Inakata hadi ikaribie mkia, inakwama, inaruka, inaendelea mbele. Mikia ikiwa mingi, usagaji unapungua kabisa. Lakini sheria za chakula hazikubali mikia mingi. Kwa asetili kikomo ni asilimia 2.5 ya uzito. Kwa hivyo kuna kupungua, lakini kidogo.

Na hapa kuna kitu inachekesha. Mkia unafanya mambo mawili yanayopingana. Unazuia amilesi kidogo, sawa, lakini pia unazuia wanga usikaze ukipoa, na ile kukaza ndiyo ingetengeneza wanga sugu. Unashinda huku, unapoteza kule.

Ya tatu ni kukata. Asidi inalegeza nyuzi ziwe fupi, wanga unakuwa mwepesi ukiwa moto halafu unaganda ukipoa, na hapo unapata zile peremende za kutafuna kama jeli. Ukizidisha kukata hadi mwisho unapata glukosi yenyewe, ile sharubati ya Eldoret. Hii njia haimfungii mtu mlango wowote.

Ya nne ndiyo kitu tofauti kabisa. Ni zile fosifeti za mwanzo, lakini nyingi hadi chembe inakuwa jela. Wawili wa Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani, Kyungsoo Woo na Paul Seib, walipata hati miliki ya njia hiyo mwaka 1999. Chembe zao ukizichemsha hazivimbi vizuri, na amilesi ikifika inapata kila mahali pamezibwa. Hata hivyo, fosforasi haipiti asilimia 0.4, kikomo cha sheria ya Marekani. Wanasayansi wanaiita wanga sugu aina ya nne. Mwaka 2019 shirika la FDA la Marekani lilikubali iandikwe kwa lebo kama nyuzinyuzi, juu mwilini haifanyi kazi ya wanga tena.

Umeona? "Modified starch" inaweza kuwa wanga unaoisha kama kawaida, ama wanga ambao hauishi kabisa. Neno ni lile lile. Hata namba haikuambii yote, juu E1412 yenye daraja chache na E1412 ya jela zinabeba namba moja. Janja yake ni kushuka hadi laini ya nyuzinyuzi kwa jedwali la lishe. Ikisema gramu sifuri kwa yogati yako, basi jua hiyo ni ya kushikilia yogati tu.

Na sumu? Mwaka 2017 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliangalia upya wanga 12 za aina hii na kusema hazina shida ya usalama kwa watu kwa ujumla, na hata haikuona haja ya kuweka kikomo cha gramu kwa siku. Kemikali zinazotumika kiwandani, ndio, zingine ni kali. Lakini zinaoshwa na mabaki yake yana kikomo. Hiyo si sababu ya kunywa sosi kama soda, ni sababu ya kuwacha kupiga kelele.

Sasa hesabu ya ile meza

Turudi kwa Magokoro. Kikopo cha yogati kina wanga uliorekebishwa gramu chache tu, kitu ya kujaza kijiko kimoja. Kile kinafaa kukushtua kwa kikopo hicho ni sukari. Soma laini yake: kila gramu 4 ni kama kijiko kimoja cha chai. Sehemu ni sukari ya maziwa yenyewe, nyingine ni ya kuongezwa, na kwa yogati ya stroberi hiyo ya kuongezwa huwa si kidogo. Kama ungemletea mala bila sukari, au yogati tupu isiyo na rangi, hiyo kesi ingeisha hapo.

Uji wa papo hapo nao ni stori mbaya zaidi, na hakuna mtu aliugusa. Kwa lebo yake hakuna namba ya E, hakuna neno la kutisha, kumeandikwa tu ni nafaka. Lakini ili uive kwa maji moto tu, unga huo ulipikwa kiwandani kwa joto na presha, chembe zikavunjwa, ukakaushwa. Milango yote imefunguliwa na kuwachwa wazi. Amilesi ikifika hapo haingoji hata kupiga hodi. Huo ni urekebishaji pia, ila haukutumia kemikali, kwa hivyo sheria za lebo haziuiti hivyo. Mimi kwangu, kama ni kitu kimoja cha kurudisha Nairobi kwa ule mfuko, ni huo unga.

Na ugali? Mlima wa unga uliokobolewa, moto, chembe zimepasuka zote, makumi ya gramu za wanga kwa sahani moja. Kando ya huo mlima, ile E1422 ya yogati ni mchezo. Lakini tafadhali usiende kumwambia Magokoro awache ugali, utafukuzwa, na utakuwa umestahili. Kuna njia.

Jikoni kwake ni maabara

Kitu poa ni kwamba ile kazi ya kufunga milango, jikoni ya Ikonge imekuwa ikiifanya kabla ya Kansas.

Anza na ndizi, juu Kisii na Nyamira bila ndizi ni kama base bila mbogi. Ndizi mbichi ya kijani imejaa wanga, asilimia 20 ama zaidi ya nyama yake, na chembe zake zikiwa mbichi zinakataa amilesi vibaya sana. Ikiiva, karibu wanga wote umegeuka sukari na kumebaki asilimia moja ama mbili. Ndio maana ile mbivu tamu na ile ya kupika si chakula kimoja kwa mtu wa sukari, hata kama zimetoka kwa mkungu mmoja. Ukichemsha ya kijani, chembe nyingi zinafunguka, hatudanganyani. Lakini ikipoa sehemu inakaza. Matoke ya kushinda jikoni hadi mchana hayako sawa na ya kutoka jikoni saa hii.

Hii ya ndizi ilipelekwa hospitali. Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwapa watoto wavulana wa miezi 5 hadi 12 waliokuwa wanaharisha kwa muda mrefu wali uliochanganywa na ndizi ya kijani iliyopikwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kuharisha kulipungua kuliko kwa wale waliopewa wali mtupu. Mwaka mmoja kabla, Vellore, India, wagonjwa wa kipindupindu waliwekewa wanga sugu wa mahindi kwa maji ya chumvi na sukari, gramu 50 kwa lita, na nao wakaharisha kidogo. Sababu ni moja. Wanga unaofika utumbo mpana unachachushwa na bakteria, wanatoa asidi fupi kama butireti, na hizo asidi zinasaidia ukuta wa utumbo kuvuta maji na chumvi kuzirudisha mwilini. Wanaotoa butireti wanatoa pia gesi. Kwa hivyo usianze na sahani mbili za ndizi ya kijani asubuhi ya kusafiri. Mko wanane kwa Probox.

Halafu wimbi. Obokima bwa wimbi, ile ugali ya rangi ya udongo, imerudi kwa heshima na kliniki zinaitaja sana. Ile rangi inatoka kwa kemikali za mmea zinaitwa polifenoli ambazo, kwenye chupa za maabara, zimeonekana kuzuia amilesi. Unga wa wimbi pia husagwa na maganda yake, hakuna mtu anaukoboa. Lakini angalia unga wenyewe. Ukienda posho mill wakachanganya wimbi kidogo na muhogo mwingi ndio usonge laini, rangi imebaki lakini umenunua muhogo. Na ukisaga laini sana kama poda, amilesi inapata kazi rahisi. Wanga uliojificha ndani ya punje nzima ni aina nyingine ya sugu: ndio maana nyoyo, mahindi na maharagwe ya kutafuna, inachukua muda tumboni kuliko unga wa mahindi hayo hayo.

Na ugali uliolala. Afrika Kusini watafiti waliwahi kulisha watu ugali wao wa mahindi, siku zingine ukiwa freshi, siku zingine ukiwa wa jana, wakapima kilichotoka upande wa pili. Ule wa jana ulifikisha wanga mwingi zaidi utumbo mpana na asidi za bakteria zikaongezeka. Ukiupasha kwa kikaango haupotezi yote, juu amilosi iliyokaza inataka joto la kupita digrii 100 kwa umbali ndio ilegee, na kikaango hakifikishi wanga wenye maji hapo. Sijasema ni muujiza. Mabadiliko ni ya kiasi, na mlima uliolala bado ni mlima. Kata sahani nusu kwanza, jaza chinsaga na rinagu, halafu ndio uanze hesabu za kulala. Na ulale mahali baridi, umefunikwa, si kwa dirisha na nzi.

Kuna daktari aliona sehemu ya hii stori mapema akiwa hapa tu jirani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuja Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago, Kampala, hadi miaka ya 60, alikuwa na tabia ambayo ungemcheka: yeye na wenzake walipima mavi. Kwa takwimu walizochapisha mwaka 1972, watu wa kijijini Uganda walikuwa wanatoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, wanamaji wa Uingereza kama gramu 104, na chakula cha Waganda kilipita mwilini kwa chini ya nusu ya muda. Burkitt alisema ni nyuzinyuzi, na akawa maarufu dunia nzima kwa hiyo. Hakukosea, lakini baadaye wenzake waligundua kwamba wanga sugu ulikuwa unafanya sehemu ya hiyo kazi bila kuhesabiwa. Ulipimwa kama wanga, ukapewa sifa ya wanga, na wakati huo ulikuwa unapita kama nyuzinyuzi.

Usimpe mtoto chakula cha Magokoro

Hapa watu huteleza. Ukishajua wanga wa polepole ni mzuri kwa mgonjwa wa sukari, unaanza kuufungia kila mtu milango. Kale katoto ka dada yako, miezi minane, tumbo lake ni kama ngumi. Kanahitaji nguvu nyingi kwa vijiko vichache, na wanga unaovimba unafanya uji unakuwa mzito kabla nguvu hazijatosha. Mama anaongeza maji, uji unakuwa wa kunyweka, na katoto kanashiba maji.

Mwaka 1983, Tanzania, Mosha na Svanberg walionyesha dawa ya hiyo, na unaijua: kimea. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ile ile ya kutengenezea busaa. Mbegu ikiota inatengeneza amilesi yake. Tia kijiko kidogo kwa uji mzito uliopoa kiasi, koroga, na unakuwa mwepesi mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Nyuzi zimekatwa tayari. Kwa mtoto hiyo ni baraka. Kwa Magokoro ni kumkatia glukosi na kumwekea kwa kikombe. Sufuria moja, uji mmoja, watu wawili, na kijiko cha kimea kinaenda kwa kikombe kimoja tu.

Kama kwao kuna kamashine ka kupima sukari, kaweke kazi. Siku moja apime kabla ya kula na masaa mawili baada ya ule mlima wa kawaida. Siku ingine afanye hivyo na obokima ya wimbi ya nusu sahani, mboga zikiwa nyingi. Siku ya tatu, ndizi za kijani zilizopoa. Andika namba kwa daftari na uende nazo kliniki, juu vidonge vyake hakuna chakula kinavibadilisha, na kama atapunguza dozi ni daktari wake atasema baada ya kuona hizo namba. Miili inatofautiana. Kinachotulia kwa shosho wa jirani kinaweza kumpandisha wako.

Na ile yogati iko juu ya kabati, ishushe kabla iharibike. Mpatie binamu.